'Dubu wa Nandi': Jina lililozaa mnyama asiyekuwapo

BARIDI ya Molo haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kulala huko. Mji huo uko katika nyanda za juu za Mau, kiasi cha mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Jua likitua, ukungu huteremka juu ya mashamba ya viazi na pareto, kondoo hufungiwa zizini na watoto huitwa waingie ndani.

Mtoto mkaidi asiyetaka kuingia huonywa kwa neno moja tu. Katika nyumba ya Wakipsigis ataambiwa kuwa chemosit yuko nje. Kwa jirani Mkikuyu ataambiwa habari za irimu. Penye Kiswahili atatishwa kwa zimwi. Maneno ni matatu lakini kazi yake ni moja, na aghalabu mtoto huingia mbio.

Ajabu huanza pale mtoto huyo anapokua na kufungua kitabu cha Kiingereza kinachozungumzia viumbe vya ajabu vya Afrika. Humo hamkuti chemosit akiwa peke yake. Humkuta "Nandi bear", yaani dubu wa Nandi, na kando yake ameandikiwa kwamba wenyeji humwita mnyama huyo chemosit.

Je, dubu ameingiaje Nandi? Nchi hii haina dubu. Katika bara zima la Afrika, dubu waliojulikana katika nyakati za kihistoria waliishi milima ya Atlas huko kaskazini, na wanasadikiwa kuwa walitoweka katika karne ya 19. Hata neno lenyewe "dubu" ni la kuazima; tulilipokea kutoka Kiarabu, pamoja na habari za mnyama ambaye mababu zetu hawakuwahi kumwona.

Makala haya yanafuatilia asili ya jina hilo. Msomaji atakayevumilia hadi mwisho ataona kwamba jina likiundwa vibaya laweza kuzaa mnyama asiyekuwapo, na kumficha yule aliyepo.

KICHWA NA MKIA WA NENO

Kwanza tuanze na sarufi kidogo. Kiingereza, sawa na lugha nyingine za jamii yake, hupenda kuunganisha maneno mawili yakawa moja. Wataalamu wa lugha huliita neno la namna hiyo neno ambatano. Katika Kiingereza, neno lililo kuu hukaa nyuma, na lile linalolifafanua hukaa mbele.

Sisi hufanya kinyume. Tunaposema "punda milia", kichwa ni punda, na milia ni sifa yake. Tunaposema "mbwa mwitu", kichwa ni mbwa. Vyovyote mpangilio uwavyo, neno kuu ndilo linalotoa hukumu, kwa sababu ndilo linalotuambia kitu chenyewe ni cha aina gani. Asiyemjua punda milia atamfikiria kwanza kama punda.

Viumbe wengi wa hadithi za Wazungu wamepewa majina kwa njia hiyo. Chukua "werewolf", mtu anayesemekana kugeuka mbwa mwitu usiku. Sehemu ya pili ni mbwa mwitu. Sehemu ya kwanza, "wer", ilikuwa na maana ya mwanamume katika Kiingereza cha kale, na ina udugu na neno la Kilatini "vir". Neno hilo ambatano limo katika maandishi ya sheria za Mfalme Cnut, aliyeitawala Uingereza mwanzoni mwa karne ya 11. Baadaye "wer" lilikufa likiwa neno la kujitegemea, na Waingereza wengi wanaolitamka leo ndani ya "werewolf" hawajui kwamba wanamtaja mtu.

Chukua pia "mermaid", binti wa baharini mwenye mkia wa samaki. "Mere" ilikuwa bahari au ziwa, na "maid" ni msichana. Katika Kiswahili kiumbe huyo tumempa jina la nguva, ambalo asili yake ni la mnyama halisi wa baharini anayenyonyesha mwanawe. Hapo sisi wenyewe tulimchukua mnyama aliyepo tukamvika vazi la hadithi.

Kwa hiyo majina ya viumbe wa kuogofya hayazuki vivi hivi. Kila moja lina wazazi wawili, na mwenye kutaka kulielewa budi awatafute wote. Tuwatafute basi wazazi wa "Nandi bear".

MZAZI WA KWANZA: NANDI

Wanandi ni tawi mojawapo la Wakalenjin, na makao yao yako magharibi ya Molo, ng'ambo ya Londiani. Watu wa kale wa jamii hiyo walijiita Chemwal. Jina "Nandi" walipewa na wageni.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi na wanahistoria ni kwamba lilitokana na neno letu la Kiswahili, "mnandi". Huyo ni ndege mweusi wa majini ambaye hupiga mbizi na kunasa samaki kwa ulafi mkubwa. Wafanyabiashara wa pwani waliopita na misafara yao katika karne ya 19 walishambuliwa na wapiganaji wa Chemwal, nao wakawafananisha washambulizi hao na ndege huyo. Utani huo wa uchungu uligeuka kuwa jina la kabila.

Ikiwa ndivyo, basi nusu ya kwanza ya jina la mnyama wetu si ya wenyeji. Ni tusi la msafara wa Waswahili lililookotwa na Waingereza na kutiwa kwenye ramani.

MZAZI WA PILI: DUBU

Nusu ya pili nayo ina kisa chake. Wanaisimu wengi hueleza kwamba "bear" kwa asili halikuwa jina la mnyama huyo. Lilikuwa na maana ya "yule wa rangi ya kahawia". Mababu wa Waingereza na Wajerumani walikuwa na jina la kale zaidi la dubu, lenye udugu na "arktos" la Wagiriki na "ursus" la Warumi, lakini waliliacha. Inadhaniwa kuwa waliogopa kulitamka msituni, wasije wakamwita mwenyewe akaja.

Jambo hilo lisitushangaze. Wengi wetu tulikatazwa tukiwa wadogo kumtaja nyoka usiku, tukaambiwa tuseme "kamba". Hofu huwafanya watu wa kila pembe ya dunia wazungukezunguke badala ya kutaja jina.

Lakini dubu alifikaje Uasin Gishu? Jawabu limo katika ushahidi wa mmoja wa Wazungu wa mwanzo kumwelezea mnyama huyo. Geoffrey Williams alisafiri na binamu yake katika uwanda wa Uasin Gishu, karibu na mwamba wa Sirgoit, muda mfupi baada ya vita vya Waingereza dhidi ya Wanandi. Habari zake zilichapishwa mwaka 1912 katika jarida la chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda.

Williams alieleza kwamba walimwona mnyama mkubwa ameketi wima, kisha akaondoka kwa mwendo wa kuyumba kuelekea mwambani. Alipotafuta mfano wa kuwafahamisha wasomaji wake, alimkumbuka dubu wa bustani ya wanyama, yule anayekaa kitako akiomba mikate kwa watazamaji.

Hapo ndipo penye kitovu cha jambo lote. Mtu aliona kitu asichokitambua, kwa muda mfupi na kwa mbali, akakilinganisha na alichokijua utotoni kwao. Si kosa, kila mgeni hufanya hivyo. Kosa lilikuja pale mfano ulipopandishwa cheo ukawa jina. "Anafanana na dubu" ikawa "ni dubu", na kwa kuwa alionekana jirani na nchi ya Wanandi, akawa dubu wa Nandi.

CHEMOSIT MWENYEWE NI NANI?

Ili msomaji aone umbali uliopo kati ya jina na mwenye jina, na amsikilize chemosit kama alivyosimuliwa na Wanandi wenyewe. Claud Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa stadi wa lugha, alichapisha mwaka 1909 kitabu kuhusu Wanandi, lugha yao na hadithi zao. Humo chemosit si mnyama wa kuwindwa hata kidogo.

Ni shetani, nusu mtu na nusu ndege. Ana mguu mmoja na matako tisa. Kinywa chake ni chekundu na huwaka usiku kama taa. Hutembea kwa kuegemea fimbo iliyo kama mkuki, naye huzurura akitafuta watu wa kula, hasa watoto, ambao huwavuta kwa nyimbo gizani.

Msomaji na ajiulize: dubu yuko wapi hapo? Miguu minne iko wapi? Manyoya je? Mtoto anayeambiwa habari za chemosit hafundishwi elimu ya wanyama. Anafundishwa kwamba si kila mwanga unaoonekana usiku ni wa nyumba ya jirani, na si kila wimbo mtamu unaimbwa na mtu mwema. Hilo ni somo la maisha, nalo lina manufaa hata leo.

Hata umbo la neno lina habari yake. Katika Kinandi, nomino nyingi huchukua kiishio kama vile "-it" au "-et" pale msemaji anapomtaja mtu au kitu mahususi. Mwenye kusema "chemosit" amekwisha kusema "yule", maana anamtaja anayejulikana nyumba nzima. Jina la Kiingereza lilimwondoa katika ujamaa huo, likampeleka kwenye orodha ya wanyama wa kutafutwa kwa bunduki.

JINA LAANZA KUSAFIRI

Jina likishapatikana, halikai mahali pamoja. Mwaka 1913 wahandisi na wafanyakazi waliojenga reli ya kwenda Magadi walisimulia kuonekana kwa mnyama wa ajabu na alama za nyayo zake. Magadi iko kusini, katika nchi kame ya Wamaasai, mbali kabisa na misitu ya Nandi. Hata hivyo, masimulizi hayo yaliwekwa katika faili moja na ya "Nandi bear".

Mnyama wa hadithi za Wapokomo wa Mto Tana, aitwaye koddoelo katika maandishi ya Wazungu, alitiwa pia katika kapu hilo. Kila kondoo aliyekutwa amepasuliwa fuvu, na kila mlio wa usiku usioeleweka, ulipata mwenyewe.

Zama zenyewe zilichochea. Mwaka 1901, reli kutoka Mombasa ilipovuka Mau kwenye nyanda za Molo na kufika ziwani mwezi Desemba, ndio mwaka ambao wanasayansi wa Ulaya walimtambua rasmi okapi, mnyama wa misitu ya Kongo waliyekuwa hawamjui. Mwaka 1904 wakamtambua nguruwe mkubwa wa msituni, kutokana na vielelezo vilivyopelekwa na ofisa wa jeshi aliyekuwa nchini humu, Richard Meinertzhagen. Ilionekana kana kwamba kila kichaka kilikuwa na siri, na wengi walitamani kuwa wa kwanza kuifichua.

Wataalamu nao hawakubaki nyuma. Kulikuwa na waliowaza kwamba huenda ni kalikotheri, mnyama wa kale mwenye makucha makubwa, mrefu mbele na mfupi nyuma, ambaye mabaki yake yamechimbuliwa Afrika Mashariki. Wazo hilo lilitajwa na Charles Andrews wa Uingereza, na baadaye Louis Leakey naye akalizungumzia. Hata hivyo, hakuna fuvu, ngozi wala jino lililowahi kuthibitishwa kuwa la dubu wa Nandi.

Mtafiti Bernard Heuvelmans, ambaye kitabu chake kuhusu wanyama wasiojulikana kilichapishwa kwa Kifaransa mwaka 1955, aliyachambua masimulizi hayo moja baada ya jingine. Aliona kwamba mnyama mmoja hawezi kubeba sifa zote zile. Jina lilikuwa kama gunia ambamo wanyama mbalimbali walitiwa pamoja.

Ndani ya gunia hilo alikuwamo fisi, ambaye mabega yake yameinuka na kiuno kimeshuka, mwendo wake ni wa kuyumba, na taya zake zaweza kuvunja mfupa wowote wa kondoo. Alikuwamo nyegere mwenye makucha marefu, ambaye huweza kusimama kwa miguu ya nyuma na ambaye nyayo zake hufanana kwa kiasi na za dubu mdogo. Wote hao wana majina katika Kiswahili, na katika lugha za wenyeji wanajulikana fika.

KILICHOFUNIKWA NA JINA

Hadi hapa msomaji aweza kusema kwamba hii ni michezo ya maneno tu. Sivyo. Jina hilo lilizaliwa katika wakati wa damu.

Wanandi waliwapinga Waingereza kwa miaka kumi hivi, tangu 1895 hadi 1905, na reli iliyokuwa ikipita karibu nao ilikuwa mojawapo ya sababu. Tarehe 19 Oktoba 1905, kiongozi wao, Orkoiyot Koitalel arap Samoei, alikwenda kukutana na Meinertzhagen kwa mazungumzo ya kusimamisha vita. Meinertzhagen, yule yule wa nguruwe wa msituni, alimpiga risasi akamuua. Baadaye Wanandi wengi walifukuzwa katika sehemu ya ardhi yao, na ardhi hiyo ikafunguliwa kwa walowezi.

Leo katika mji wa Nandi Hills kuna klabu ya gofu iitwayo Nandi Bears. Kwa mujibu wa historia inayosimuliwa kuhusu eneo hilo, ni katika viwanja hivyo hivyo Koitalel alipouawa. Yaani pale alipoanguka mtu aliyekuwako, aliyekuwa na jina, ukoo na watu wake, jina lililowekwa ni la mnyama ambaye hakuwahi kuwako.

Hakuna haja ya kudai kwamba waliolichagua walikusudia hivyo. Yaelekea waliona ni jina la kuchangamsha. Lakini ndivyo majina yanavyofanya kazi yake: hayahitaji nia mbaya ili yafunike jambo. Hutosha yakiwa matamu na mepesi kukumbukwa.

KONDOO WA MOLO NA SHERIA

Turudi Molo, maana huko jambo hili lina upande wa mfukoni. Molo ni nchi ya kondoo tangu zama za walowezi, na nyama yake imejijengea sifa. Mfugaji anayeamka alfajiri akakuta mnyama wake ameraruliwa hana nafasi ya hadithi. Anapaswa kujua nani kafanya.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua kwamba mwananchi aliyepoteza mifugo kwa sababu ya wanyama fulani wa porini aweza kudai fidia. Wanyama hao wametajwa, na miongoni mwao wamo chui na fisi. Dai huhitaji kuripotiwa kwa maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na kuchunguzwa. Katika orodha hiyo hamna dubu, hamna chemosit, na mbwa wa jirani waliozoea kuzurura pia hawamo.

Hivyo mfugaji anayesema "ni kitu kisichojulikana" amejifungia mlango mwenyewe. Anayetazama nyayo kabla hazijakanyagwa, akaona kama kucha zimeacha alama au zimefichwa, akaangalia kama koo limeumwa au mifupa imevunjwa, huyo ana la kumwambia ofisa. Wazee wa Mau walijua kusoma alama hizo bila kitabu. Jina la jumla la kigeni, lililofanya kila uharibifu uwe wa "dubu", lilikuwa hatua moja nyuma ya elimu hiyo.

Aidha, kuna hasara ya pili, isiyolipwa fidia. Watoto wa Molo wanakulia katika mji wa makabila mengi, na wengi wao siku hizi husoma hadithi kwa Kiingereza kabla ya kuzisikia kwa nyanya zao. Mtoto atakayemjua chemosit kama dubu tu atakuwa amepoteza taa ile nyekundu kinywani, fimbo ile, wimbo ule wa gizani, na onyo lililokuwa ndani yake. Mwenzake wa Kikuyu atakuwa amempoteza irimu vivyo hivyo. Na wote wawili hawatajua kwamba wazazi wao, kila mmoja kwa lugha yake, walikuwa wakiwaonya kuhusu jambo moja.

MAJINA YARUDISHWE KWA WENYEWE

Tumeona basi kwamba "Nandi bear" ni neno la nusu mbili. Nusu moja yasemekana ni utani wa misafara ya Waswahili kwa watu waliojiita Chemwal. Nusu nyingine ni fumbo la kale la Wazungu waliomwogopa mnyama wa misitu yao. Zilipounganishwa, zilitoa jina ambalo ndani yake hamna hata silabi moja ya Wanandi, ilhali linadaiwa kueleza kilichomo katika nchi yao na katika hadithi zao.

Dawa si kulipiga marufuku jina hilo; limekwisha kuingia vitabuni na lina historia yake. Dawa ni kuita kila kitu kwa jina lake. Fisi na aitwe fisi, nyegere aitwe nyegere, na shetani wa mguu mmoja aitwe chemosit, bila kutafsiriwa. Mwalimu anayefundisha hadithi darasani na aanze kwa kuwauliza wanafunzi nyumbani kwao anaitwaje. Atapata majina matano au sita kabla kengele haijalia.

Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huenda na sisi tukaigeuza methali hiyo kidogo: zimwi ulijualo kwa jina lake halikupotezi njia. Jioni ikiingia Molo na ukungu ukaanza kuteremka, mtoto aambiwe habari za chemosit, naye aingie ndani akijua ni nani hasa anayemkimbia.